Ghorofa za Kwa Vonza na Maji Yanayopanda Ngazi

Msafiri anayeshika barabara ya Machakos kwenda Kitui hufika Kwa Vonza akiwa amepita nchi pana: migunga, vichaka, mashamba ya ndengu na mbaazi, mbuzi kando ya lami. Nafasi ni tele. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ningependa tulitatue polepole. Mahali penye ardhi nyingi hivi, kwa nini mtu ajenge nyumba juu ya nyumba? Na ikisha kujengwa, anayehamia humo anathamini nini hasa?

Tuweke maneno sawa kwanza. Neno “ghorofa” tunalitumia kwa maana mbili, yaani jengo zima na pia sakafu moja ya jengo hilo. Hapa nitasema “jengo” kwa maana ya kwanza na “ghorofa” kwa maana ya pili. Kwa hesabu ya Kenya sakafu iliyo juu ya udongo haitiwi namba. Ghorofa ya kwanza ni ile unayoifikia baada ya kupanda ngazi mara moja. Jengo la kimo cha kati, kwa mazungumzo haya, ni lile lenye ghorofa mbili hadi tano, lisilo na lifti, ambalo kila mkazi hupanda kwa miguu yake. “Sehemu za pamoja” ni zile ambazo hakuna mpangaji anayeweza kuzifungia kwa ufunguo wake: ngazi, paa, tangi, geti, shimo la maji taka, kamba za kuanikia nguo. Na “kuthamini” nitakupa maana nyembamba kidogo. Mkazi anathamini kitu ikiwa yuko tayari kulipa zaidi ili akipate, au kuhama akikikosa. Kipimo hiki kinatazama miguu ya watu kabla ya kusikiliza maneno yao.

Swali la kwanza lina jibu fupi. Ardhi Kwa Vonza ni nyingi, lakini ardhi iliyo karibu ni chache: karibu na lami, karibu na nguzo ya stima, karibu na bomba, na zaidi ya yote karibu na chuo. Mwaka 2008 taasisi ya kilimo iliyokuwa ikiitwa Ukamba Agricultural Institute iligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikapata hati ya kujitegemea kwa jina la South Eastern Kenya University, maarufu kama SEKU. Wanafunzi, wahadhiri, wafanyakazi wa ofisini, wapishi, wenye maduka ya kutoa nakala, wote walihitaji pa kulala, na wote walitaka kulala karibu. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kilicho hatua chache kutoka stendi hakiwezi kurefushwa. Kinachoweza kurefuka ni jengo. Kwa hiyo anayejenga kwenda juu anauza ukaribu, na anayepanga chumba ananunua ukaribu. Jambo hili tulishike, maana hoja nyingine zote zinaning’inia hapo.

Sasa, mkazi hulinganisha jengo na nini? Hafikirii majumba ya Kilimani, Nairobi. Analinganisha na nyumba aliyotoka, ile ya kijijini yenye uwanja na tangi la mvua pembeni, na analinganisha na ploti. Ploti, kwa wasiowahi kuishi humo, ni vyumba vya kupanga vilivyojengwa mstari mmoja au miwili inayotazamana, ua ukiwa katikati, choo na bafu mwishoni, na mfereji mmoja unaotumiwa na wote. Ploti ina kelele na haina faragha. Lakini ina mambo mawili makubwa: maji yako chini, na moshi una pa kwenda. Mama anapika nje mlangoni huku akimwona mtoto anayecheza uani. Jengo la ghorofa linapomwita mtu huyu atoke kwenye ploti, linamwahidi choo chake mwenyewe, mlango wake, upepo na usalama. Ahadi hizo ni za kweli. Je, inamgharimu nini kuzipata?

Tuanze na maji, kwa kuwa Ukambani kila hesabu huanzia hapo. Mji wa Kitui wenyewe hutegemea maji yanayosukumwa kutoka bwawa la Masinga katika Mto Tana, safari ndefu ambayo pampu moja ikiharibika inakatika. Katika sehemu nyingi za kaunti maji ya visima virefu yana chumvi. Kwa sababu hizo hakuna jengo linaloweza kutegemea chanzo kimoja. Jengo lililopangwa vizuri huwa na tangi la chini linalopokea maji wakati wowote yanapokuja, yawe ya bomba, ya lori au ya mvua, halafu pampu, halafu tangi la juu ya paa, halafu mabomba yanayoshuka hadi kila nyumba. Kiungo kimoja kikikosekana mnyororo wote umekatika.

Tuangalie msukumo wa maji. Maji yanayotoka kwenye tangi la paani hushuka kwa uzito wake yenyewe, na nguvu yake hutegemea urefu wa safu ya maji iliyo juu ya mfereji. Chukua jengo la sakafu nne, ile ya chini na ghorofa tatu, kila moja ikiwa na kimo cha mita 3, na tangi likiwa limeinuliwa mita moja juu ya zege la paa. Anayeoga katika ghorofa ya tatu ana takriban mita 2 za maji juu ya kichwa cha bafu lake. Anayeoga chini kabisa ana takriban mita 11. Maji ni yaleyale, kodi huenda ni ileile, lakini mmoja anamiminiwa na mwingine anadondoshewa. Ile mashine ya kupasha maji moto bafuni, ambayo wengi wetu tunaiita “instant”, haiwaki sawasawa bila msukumo wa kutosha. Na maji yakiwa ya chumvi, waya wake wa kupashia hushika utando mweupe na kuungua mapema. Ndiyo maana maduka huuza aina maalumu kwa maji ya chumvi. Dawa ya tatizo la msukumo ni kulipandisha tangi juu zaidi kwa mnara mdogo, lakini tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 10, na tani hizo zinabebwa na nguzo za jengo lilelile.

Maji yasipopanda kwa bomba hupanda kwa mkono. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Familia ya watu wanne inayotumia lita 50 kila mmoja kwa siku, kiasi cha wastani tu, inahitaji lita 200, yaani mitungi 10. Mitungi 10 hadi ghorofa ya tatu ni safari 10 za kupanda mita 9, kila siku, na anayezipanda mara nyingi ni mama, msichana wa kazi au kijana anayelipwa kwa mtungi. Anayelipwa hutoza zaidi kadiri ghorofa inavyokwenda juu, naye ana haki. Kwa hiyo ule ukaribu alioununua mkazi, hatua chache kutoka stendi, unageuka kuwa umbali tena, umbali wa wima.

Na sasa jambo ambalo nadhani wenye majengo wengi hawajalipigia hesabu. Kupandisha lita 1,000 za maji kwa kimo cha mita 15 kunahitaji umeme kidogo sana. Hata ukitumia pampu hafifu inayopoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, hutafikisha nusu ya uniti moja ya tokeni. Kazi hiyohiyo kwa mkono ni mitungi 50. Maji yakiwa tayari ndani ya tangi la chini, basi, kukosekana kwake juu hakutokani na gharama ya stima. Kunatokana na pampu iliyoharibika wiki tatu bila fundi kuitwa, au na mtu aliyeondoka na ufunguo wa chumba cha pampu, au na tangi la chini ambalo halikuchimbwa kabisa kwa sababu fedha zake zilimalizia ghorofa ya juu.

Mvua nayo ina hesabu yake, na ni hesabu ambayo kila mzee wa Kitui mwenye paa la mabati na tangi anaielewa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 200 za mraba, mahali panapopata milimita 700 kwa mwaka, linapokea lita 140,000. Tuondoe sehemu ya tano inayopotea, zibaki lita 112,000. Nyumba nne zikiwa chini ya paa hilo, kila moja inapata lita 28,000, ambazo kwa matumizi ya lita 200 kwa siku ni siku 140. Sasa weka nyumba 16 chini ya paa lilelile, nne kwa kila sakafu. Kila moja inapata lita 7,000: siku 35. Mbingu haikupunguza kitu. Kilichopungua ni sehemu ya paa iliyo ya kila mkazi. Jengo likienda juu linaipa kisogo mvua, na kuanzia hapo linaishi kwa bomba na kwa lori.

Joto tulitazame kwa njia hiyohiyo. Kwa Vonza iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri linasimama karibu wima juu ya paa. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua kidogo; za mashariki na magharibi hupata la asubuhi na la jioni, ambalo huja chini chini na kuingia dirishani hadi kitandani. Paa ndilo linalopigwa zaidi. Zege la juu lisilo na kivuli hujaa joto mchana na kulitoa usiku, na anayelala chini yake anajua mwezi wa Februari maana yake nini. Ghorofa za kati zimefunikwa na jirani wa juu. Hata hivyo upepo husaidia ikiwa nyumba ina madirisha pande mbili zinazoelekeana. Jengo lenye ukumbi mwembamba katikati na vyumba kulia na kushoto humpa kila mpangaji dirisha upande mmoja tu, na upepo usiokuwa na pa kutokea hauingii.

Hapa linaingia jambo ambalo mkazi hawezi kulinunua kwa mwenye nyumba wake: umbali wa jengo la jirani. Viwanja vya 50 kwa 100 vikijengwa hadi mpakani, dirisha la leo hutazama ukuta wa kesho. Mtafiti Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu majengo ya wapangaji, aliilinganisha Nairobi na Berlin ya karne ya 19. Kanuni ya ujenzi ya Berlin ya mwaka 1853 ilidai ua wa ndani usiopungua mita 5 na kitu, kipimo kilichotokana na nafasi ya kugeuzia mashine ya kuzimia moto. Mwanga wa mkazi haukuwa ndani ya kipimo hicho, na vizazi vya watu waliishi gizani kwa sababu hiyo. Mtu akitaka kuona hali hiyo leo aende Pipeline, Embakasi. Kwa Vonza bado ina muda, viwanja vingi havijajengwa, na ndiyo maana inafaa kulizungumza sasa.

Kuhusu jikoni naomba subira ya msomaji, maana majengo mengi hukosea hapa bila kujua. Mhandisi anapochora jiko la mita moja na nusu, anafikiria mtungi mdogo wa gesi na chakula cha dakika ishirini. Lakini chakula cha nyumbani Ukambani ni muthokoi na isyo, mahindi na maharagwe yanayochemka kwa saa nyingi. Kwa gesi ni ghali. Familia hutumia makaa, na makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua kimyakimya kwa hewa yake ya sumu. Kwa hiyo roshani, ambayo mchoraji aliiweka kama pambo la uso wa jengo, kwa mkazi ndiyo jiko la kweli. Nyumba yenye roshani inayotosha jiko la makaa, beseni na kamba ya nguo itapata mpangaji wa familia mapema kuliko ile yenye sebule kubwa isiyo nayo. Kinu, hata hivyo, hakiwezi kupanda. Zege hubeba mtwango kutoka nyumba moja hadi nyingine, na muthokoi wa kukobolewa kwa mchi una mahali pake chini, uani, ikiwa ua uliachwa.

Wakazi si wa aina moja, na hapa hoja zinaachana. Mwanafunzi anakaa kwa muhula, ana godoro, meza na jiko dogo la gesi. Yeye anapima ukaribu na darasa, usalama wa njia ya usiku kutoka maktaba, intaneti, na geti linalofungwa kwa saa inayojulikana. Ghorofa ya nne haimtishi sana; ana miguu ya miaka ishirini na anatumia maji ya mtungi mmoja au miwili. Mhadhiri mwenye watoto, au muuguzi, anakaa miaka. Yeye anapima maji, ngazi, ua wa watoto, na mama mzazi anayekuja kutoka kijijini kukaa mwezi mmoja na ambaye magoti hayamruhusu. Mwenye jengo akijenga kwa ajili ya mwanafunzi peke yake hupata fedha haraka, lakini likizo ndefu ikifika vyumba vinabaki tupu na mkopo wa benki haulali. Familia hulipa mwezi baada ya mwezi. Jengo lenye sakafu mbili za chini zinazofaa familia na za juu zinazofaa wanafunzi linawapa wote wanachokithamini, ingawa sijaona wengi wakilipanga hivyo kwa makusudi.

Aina zote mbili hukutana ngazini. Taa ya ngazi haigharimu chochote cha maana, lakini mwanamke anayerudi saa mbili usiku anaipima kabla ya kupima vigae vya bafuni. Vivyo hivyo mkono wa ngazi ulio imara, na nguo zilizoanikwa juu ambazo hazichukuliwi na mpita njia. Hizi ni sehemu za pamoja, na sehemu za pamoja zina ugonjwa wao: kila mtu anazitumia, hakuna anayeamka asubuhi akizihesabu kuwa zake.

Nani basi anazisimamia? Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu mtu kumiliki nyumba moja ndani ya jengo kwa hati yake, na inawataka wamiliki waunde shirika la kusimamia kile wanachoshiriki. Ni mpango mzuri kwa wamiliki. Lakini mijini wengi hupanga. Katika sensa ya mwaka 2019 karibu kaya nne kati ya tano za mijini hazikuishi katika nyumba zao wenyewe. Jengo la kupanga lina mmiliki mmoja, mara nyingi anaishi Nairobi, na sauti ya wakazi humfikia kupitia mtu mmoja: keretaka. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo nyumba yenye choo ndani haimo. Nguvu iliyobaki kwa mpangaji ni kuhama. Ndiyo sababu watu humtaja keretaka kabla ya rangi ya ukuta. Keretaka anayefungua pampu saa kumi na mbili asubuhi, anayempigia fundi simu siku hiyohiyo, anayejua shimo la maji taka lilinyonywa lini, ni sehemu ya thamani ya nyumba kama zilivyo nguzo zake, naye hulipwa kama mtu wa kufagia.

Nguzo zenyewe mkazi hazioni. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la wapangaji liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakafa. Lilikuwa kando ya mto. Msingi uliopigiwa hesabu ya ghorofa mbili haujui kwamba mwenyewe ameamua kuongeza mbili zaidi. Unajua uzito tu. Zege nalo hutegemea mchanga, na mito ya Kitui na Makueni hutoa mchanga mwingi, lakini mchanga wenye tope usiooshwa hudhoofisha zege bila kubadilisha sura yake. Kibali cha kaunti, usajili kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na saini ya mhandisi ni macho ya mkazi mahali ambapo yeye hawezi kuona.

Baada ya kuyafuata hayo yote naweza kusema ninachokiamini. Kwa Vonza ya leo inahitaji majengo ya ghorofa, kwa sababu ukaribu ni mali na watu wana haki ya kuununua. Lakini kimo chake kinachofaa ni ghorofa mbili, kwa nadra tatu. Zaidi ya hapo mvua ya kila mkazi inakuwa haba mno na kila hitilafu ya pampu inageuka adhabu ya familia nzima. Fedha za ghorofa ya nne zichimbe tangi la chini, zinunue pampu ya akiba, ziweke mabati ya kivuli juu ya zege la paa, ziache mita chache za ua, zimlipe keretaka mshahara wa mtu mwenye dhamana. Mwenye nyumba atapata vyumba vichache, na wapangaji wasiohama.

Anayetafuta nyumba naye asiende Jumapili asubuhi, wakati kila jengo linaonekana zuri. Aende siku ya kazi jioni, mwezi wa Septemba au Oktoba kabla ya mvua za vuli. Apande hadi juu bila kupumzika, aingie nyumba ya mwisho, afungue mfereji, na ahesabu taratibu hadi ndoo ijae.